Kodi ya Jengo Isiyolijua Jengo

Tangu Agosti 2021, kodi ya majengo nchini Tanzania hukatwa kwenye umeme. Mtu ananunua tokeni ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, kwa simu au kwa wakala wa mtaani, na kodi ya mwezi inaondoka hapo hapo kabla uniti hazijahesabiwa. Hakuna foleni, hakuna fomu, hakuna mtendaji wa mtaa anayebisha hodi na ankara mkononi. Kutokana na wepesi huo kumezaliwa maoni ambayo leo yanasikika bungeni, kwenye kumbi za halmashauri na hata vijiweni Tandika na Mwananyamala: kwamba tatizo la kodi ya majengo limekwisha, na miji sasa ina chanzo cha mapato kilichotulia.

Maoni hayo yanastahili kuelezwa kama wenyewe wanavyoyaeleza. Kabla ya LUKU, wanasema, kodi hii ilikuwa fujo. Majengo mengi ya Dar es Salaam hayakuwahi kuthaminiwa. Ankara zilipotea njiani. Wenye nyumba wachache waaminifu walilipa, wengine walisubiri wafuatwe, na hawakufuatwa. Mwaka 2017 watu walisongamana kwa misururu kwenye ofisi za Mamlaka ya Mapato, TRA, wakikimbizana na tarehe ya mwisho. Mita ya umeme imeondoa yote hayo. Inamfikia kila mtu, haipokei rushwa, na gharama ya kukusanya ni ndogo. Kiwango chenyewe hakimtikisi mtu: tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na shilingi 7,500 kwa kila sakafu ya jengo la ghorofa mijini. Nani atashindwa 1,500? Na kama wote wanalipa sawa, nani atalalamika kwamba ameonewa?

Hoja imepangika, na ndiyo sababu imekubalika haraka. Lakini ukiifuata hatua kwa hatua hadi Mbagala, Charambe, Tandale na Bunju, utakuta kilichotulia ni ukataji peke yake. Mfuko wa kuendeshea mji haujatulia, anayekatwa mara nyingi siye anayedaiwa, na mali kubwa ya jiji la Dar es Salaam imeachwa karibu bila kuguswa.

Kwanza: anayedaiwa na anayekatwa ni watu wawili

Kisheria, kodi ya majengo ni deni la mwenye jengo. Ndivyo ilivyokuwa tangu Sheria ya Ukadiriaji ya Mamlaka za Miji ya mwaka 1983, na hakuna waziri aliyewahi kusema vinginevyo. Mita ya umeme haimjui mwenye jengo. Inamjua aliyenunua tokeni.

Katika mitaa mingi ya Temeke na Kinondoni, aliyenunua tokeni ni mpangaji. Ichukuliwe nyumba ya Kiswahili ya Tandika: vyumba sita, ukumbi katikati, choo na jiko uani, mita moja ukutani. Wapangaji hununua umeme kwa zamu. Mwenye zamu ya kwanza ya mwezi anaweka shilingi 5,000. Kwa bei ya kawaida, ambapo uniti moja pamoja na kodi zake hufika takriban shilingi 356, alitarajia uniti 14. Anapata pungufu ya 10, kwa sababu shilingi 1,500 zimeshakatwa. Jirani yake wa chumba cha nne, ambaye zamu yake inaangukia tarehe 12, anapata uniti zake zote. Mwenye nyumba anaishi Kimara au Mbezi na hakuguswa. Ugomvi unaofuata ukumbini, nani amfidie nani, wanaachiwa watu ambao kisheria hakuna hata mmoja wao anayedaiwa.

Jibu lililotolewa mfumo ulipoanza lilikuwa kwamba mpangaji azungumze na mwenye nyumba, apunguziwe kwenye kodi ya pango. Jibu hilo halikutazama jinsi watu wanavyopanga mjini. Kodi ya pango hulipwa kwa mkupuo wa miezi mitatu, sita au mwaka mzima, mbele kwa mbele. Aliyekwisha kulipa hana cha kupunguza. Ambaye bado hajalipa anajua kwamba chumba kinatafutwa na wengine kumi, na kwamba mpangaji anayedaidai hupewa notisi. Shilingi 18,000 kwa mwaka si fedha ya kumfanya mtu ahatarishe paa lake, kwa hiyo ananyamaza. Kunyamaza huko ndiko kunakohesabiwa kuwa ni kukubali.

Wapo pia walioachwa upande wa pili wa mahesabu. Sheria inamsamehe mzee wa miaka 60 na zaidi kwa nyumba anayoishi mwenyewe, lakini mita haina tarehe ya kuzaliwa ya mtu. Inakata kwanza, na mzee ndiye anayetakiwa kufunga safari kwenda kuthibitisha umri wake na umiliki wake. Mwenye nyumba moja yenye mita tatu, aliyeweka kila familia mita yake ili kuepusha ugomvi, analazimika kwenda kueleza kwamba hana nyumba tatu. Kumbe kiwanja chenye nyumba tatu zinazovuta umeme kwenye mita moja kinahesabiwa kuwa nyumba moja, na hakuna anayeuliza. Usumbufu unaosemwa umeondolewa bado upo. Umehamishiwa kwa mzee, mpangaji na mwenye nyumba mkweli.

Pili: kiwango kimoja si usawa

Watetezi husema kwamba kiwango kimoja ni haki kwa sababu hakibagui. Manispaa ya Kinondoni inatosha kuonyesha inavyokwenda. Ndani ya mipaka yake kuna Masaki na Oysterbay, zilizo kata ya Msasani, na kuna Tandale. Nyumba ya chini ya Masaki, yenye bustani, bwawa la kuogelea, jenereta na barabara ya lami hadi getini, ni nyumba ya kawaida kwa mujibu wa kiwango hiki, kwa sababu haina ghorofa. Nyumba ya vyumba viwili ya Tandale, ya tofali lisilopigwa lipu, ambayo mvua ikinyesha maji hupita sebuleni, nayo ni nyumba ya kawaida. Zote mbili zinalipa 18,000 kwa mwaka.

Sasa aongezwe fundi wa Buza aliyedunduliza kwa miaka, akajenga duka chini na vyumba viwili juu. Huyo ana jengo la ghorofa. Sakafu mbili kwa 7,500 ni shilingi 15,000 kwa mwezi, yaani 180,000 kwa mwaka. Analipa mara kumi ya jumba la Masaki. Mtu anayetetea kiwango hiki kwa jina la usawa inabidi aeleze ni usawa gani unaotoa jibu la namna hiyo.

Juu zaidi hali ni ileile. Jengo la ghorofa kumi la mmiliki mmoja huko Mikocheni, kwa kiwango cha sakafu, hulipa shilingi 900,000 kwa mwaka. Fleti moja nzuri ndani ya jengo kama hilo inaweza kupangishwa kwa zaidi ya fedha hiyo kwa mwezi mmoja.

Sheria ya 1983 ilijengwa juu ya wazo tofauti: jengo lithaminiwe, halmashauri ipange sehemu ndogo ya thamani hiyo kuwa kodi. Hesabu yake ni rahisi. Ikiwa kodi ni sehemu moja katika elfu, nyumba ya shilingi milioni 20 ya Mbagala Kuu inalipa 20,000, karibu sawa na inavyolipa leo. Nyumba ya shilingi bilioni moja inalipa milioni moja. Kwa kiwango cha sasa nyumba hiyo ya pili inalipa 18,000, na zile 982,000 zilizobaki hazilipwi na mtu yeyote. Ili kuzipata kwa njia ya LUKU, zingehitajika nyumba 54 na ushee za Mbagala. Maneno kwamba kodi hii ni ndogo na haimuumizi mtu ni kweli kabisa kwa mwenye jumba. Manispaa inayohitaji fedha ya mitaro, soko na zahanati haiwezi kuyasema.

Tatu: uhakika ni wa nani?

Neno linalorudiwa sana na watetezi wa mfumo huu ni uhakika. Basi itazamwe historia ya karibu. Mwaka 2008 ukusanyaji katika manispaa za Dar es Salaam ulipelekwa TRA. Mwaka 2014 ukarudishwa kwa manispaa. Mwaka 2016 ukachukuliwa tena na TRA. Mwaka 2018 kikaja kiwango kimoja: shilingi 10,000 kwa nyumba ya kawaida, 50,000 kwa kila sakafu mijini. Mwaka 2021 ikaja LUKU, na nyumba ya kawaida ikawa 12,000 kwa mwaka. Mwaka 2023 ikapanda hadi 18,000, ongezeko la nusu nzima kwa mara moja. Mabadiliko makubwa sita ndani ya miaka 15, na hakuna hata moja lililoamuliwa na Baraza la Madiwani la Temeke au la Kinondoni.

Halmashauri hupanga bajeti yake mapema, kuanzia vikao vya mitaa na kata, halafu kamati, halafu baraza. Bajeti ikishapita, Sheria ya Fedha hutungwa Juni huko Dodoma na kuamua kodi ya majengo itakuwa kiasi gani na itakwenda wapi. Fedha yenyewe huingia Hazina, na mgawo unaorudi hupangwa huko huko juu. Mkurugenzi wa manispaa hana daftari la walipaji wake. Hajui nyumba ngapi za Charambe zimelipa mwezi uliopita na ngapi hazikulipa. Anachojua ni kiasi alichopokea, kikishafika. Kwa Hazina huo ni uhakika. Kwa aliyeahidi kuzibua mtaro kabla ya masika, ni kusubiri.

Kuna tatizo lingine ndani ya kiwango hicho. Fedha iliyotajwa kwa tarakimu haikui pamoja na mji. Kata za Bunju, Mabwepande na Wazo zilikuwa mashamba na vichaka kwa sehemu kubwa; leo ni makazi. Upande wa Temeke, Serikali imejenga barabara ya mabasi yaendayo haraka kutoka Gerezani hadi Mbagala, kilomita zaidi ya 20 kando ya Barabara ya Kilwa, kwa fedha za umma na mikopo ambayo umma utailipa. Kila mwenye kiwanja karibu na barabara hiyo anajua bei yake ilivyokuwa na ilivyo sasa. Ongezeko hilo limetokana na kazi ya umma, na umma unarudishiwa shilingi 1,500 zilezile za nyumba iliyoko porini. Kodi inayofuata thamani ingeongezeka yenyewe kila mji unapopanda. Kodi ya kiwango kimoja inangoja mtu wa Dodoma aipandishe, na akiipandisha inamwangukia kila mtu kwa uzito uleule.

Uhakika wa kweli ulikuwa ndani ya majengo yenyewe. Chanzo kikubwa kilichobaki mikononi mwa halmashauri za mijini ni ushuru wa huduma, unaotozwa kwenye mauzo ya kampuni na wafanyabiashara. Ushuru huo unapanda na kushuka na biashara. Soko la Kariakoo likiungua, kama ilivyotokea Julai 2021, au maduka yakifungwa kwa mgomo, kama Mei 2023 na Juni 2024, mauzo yanasimama na ushuru nao unasimama. Jengo halifungi biashara wala halihami wilaya. Manispaa kama Temeke, yenye watu 1,346,674 kwa sensa ya 2022 na mitaa mingi isiyo na kampuni kubwa, inahitaji kodi ya majengo kuliko Ilala yenye Posta na Kariakoo. Ndiyo iliyoondolewa mikononi mwake.

Nne: "halmashauri hazikuweza"

Hii ndiyo hoja nzito zaidi ya upande wa pili. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, ameandika mwaka baada ya mwaka kuhusu halmashauri zinazoacha mapato bila kukusanywa, na kuhusu fedha zilizokusanywa kwa mashine za POS ambazo hazikufika benki. Hayo ni kweli na yanaudhi.

Ila hoja hiyo inadai kitu kimoja na kuthibitisha kingine. Inathibitisha kwamba fedha taslimu mkononi mwa mkusanyaji ni hatari. Haithibitishi kwamba Temeke isipange, isithamini na isimiliki kodi ya nyumba zake. Malipo ya Serikali siku hizi hupita kwa namba ya malipo moja kwa moja hadi benki, na halmashauri zina mfumo wao wa mapato wa TAUSI. Mtendaji hashiki noti. Sababu ya kuzinyang'anya halmashauri kodi hii imeondolewa na teknolojia ileile inayotumika kuitetea LUKU.

Wanaosema kwamba TRA ndiyo yenye uwezo nao wanapaswa kujibu swali la 2014. TRA ilipewa kazi hii Dar es Salaam kwa miaka kadhaa, kisha ikarudishwa kwa manispaa. Kama uwezo wa kitaifa ungekuwa ndio dawa, isingehitajika kurudishwa, wala kuchukuliwa tena miaka miwili baadaye. Halmashauri iliyonyang'anywa chanzo mara mbili haiwezi kulaumiwa kwamba haikuwekeza kwenye madaftari ya uthamini. Hakuna anayelima kwa bidii shamba ambalo hajui kama atalivuna.

Na kama kisingizio ni takwimu, kisingizio hicho kimekwisha. Mwaka 2022 nchi nzima iliingia kwenye operesheni ya anwani za makazi; nyumba zikapewa namba na mitaa ikawekewa vibao. Sensa ya mwaka huohuo ilihesabu majengo pamoja na watu, ikakuta majengo zaidi ya milioni 14. Serikali iliyoweza kuhesabu kila jengo na kulipatia anwani haiwezi kusema kwamba njia pekee ya kuyafahamu majengo ya Mbagala ni kusoma mita zake za umeme.

Nchi hii imewahi kuijaribu njia ya kuendesha miji kutoka juu, tena kwa ukamilifu. Kuanzia mwaka 1972, chini ya sera ya Madaraka Mikoani, serikali za mitaa zilifutwa. Miji ikaendeshwa na maofisa wasiowajibika kwa wakazi. Huduma zikaporomoka, kipindupindu kikazuka mijini katikati ya miaka hiyo ya 1970, na mwaka 1978 halmashauri za miji zikalazimika kurejeshwa. Miaka ya 1980 Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri hadharani kwamba kufuta serikali za mitaa lilikuwa miongoni mwa makosa ambayo asingeyarudia. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo, ile ya kichwa, ilifutwa pamoja na kodi nyingine zilizoitwa kero. Wananchi walifurahi, na walikuwa na sababu. Lakini halmashauri zilibaki na pengo, na zikafundishwa kuisubiri ruzuku. Kodi ya majengo ilipochukuliwa, zilikuwa zimeshazoea kusubiri.

Tano: gharama zisizoonekana kwenye tokeni

Husemwa kwamba wananchi wameikubali kodi hii kwa sababu ni ndogo. Kwa kweli wananchi wanalipa kodi mbili. Ya kwanza iko kwenye tokeni. Ya pili hulipwa mtaani, bila risiti.

Mitaa ya Mbagala inayoteremkia Mto Kizinga inalijua hilo kila masika. Mtaro uliozibwa na mchanga na chupa za plastiki hauchukui maji, kwa hiyo maji yanachukua barabara, kisha yanachukua ua. Wenye nyumba wanachanga kununua malori ya kifusi, wanapanga viroba vya mchanga mlangoni, wanainua kizingiti kwa tofali mbili, halafu maji yanahamia kwa jirani aliye chini. Choo kimefurika, anaitwa mwenye gari la kunyonya majitaka. Kalavati limevunjika, mjumbe anapita na daftari la michango. Usiku kuna mchango wa ulinzi shirikishi. Mwisho wa wiki kuna ada ya taka, iwe gari la taka limepita au halikupita. Familia inayosifiwa kwamba inalipa kodi ndogo ya 1,500 inalipa mara nyingi ya hiyo kufidia huduma ambazo kodi ya majengo ndiyo iliyokusudiwa kuzigharamia.

Gharama ya juu kabisa hulipwa kwa uhai. Desemba 2011 mafuriko ya Dar es Salaam yaliua makumi ya watu, na familia za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Mvua kubwa haziwezi kuzuiwa na manispaa. Mitaro inaweza kusafishwa na manispaa, na kusafisha mtaro ni kazi ya kila mwaka inayohitaji fedha ya kila mwaka.

Hapo ndipo utegemezi wa mikopo unapokwama. Mradi wa uendelezaji wa jiji, DMDP, ulioanza kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 300 ulioidhinishwa mwaka 2015, umejenga barabara za lami Temeke na Kinondoni, umeweka taa na mitaro, na umeujengea kingo Mto Ng'ombe uliokuwa unazisumbua Tandale na jirani zake. Wakazi wanaziona kazi hizo. Lakini mkopo hujenga mara moja. Haumlipi mwenye koleo anayeingia mtaroni kila Februari, wala haubadilishi taa iliyoungua mwaka wa nne. Barabara za ndani nazo, tangu 2017, ziko chini ya TARURA, wakala wa Serikali Kuu. Diwani anayeulizwa kuhusu shimo la barabara hana barabara, na anayeulizwa kuhusu kodi ya majengo hana kodi.

Sita: "hakuna njia nyingine"

Mwisho husemwa kwamba uthamini ni ghali, wathamini ni wachache, na sehemu kubwa ya jiji imejengwa bila mipango wala hati. Basi afadhali mita. Hoja hii inachukulia kwamba kuna njia mbili tu: mthamini aingie kila chumba, au kila nyumba ilipe sawa.

Mji wa Freetown, Sierra Leone, ulikuwa na makazi holela kama Dar es Salaam na fedha pungufu zaidi. Mwaka 2020, chini ya Meya Yvonne Aki-Sawyerr, ulianza kuyapa majengo pointi kwa vitu vinavyoonekana kwa nje: ukubwa wa jengo kwenye picha za setilaiti, aina ya paa na ukuta, mahali lilipo, barabara inayolifikia. Majengo kwenye daftari yaliongezeka zaidi ya mara mbili. Nyumba za hali ya chini zikapunguziwa, majumba yakapandishiwa, na wakazi wa kata wakashirikishwa kujadili matumizi. Serikali Kuu iliusimamisha mpango huo kwa muda, na hilo nalo ni somo: hatari kubwa haikutoka kwenye hesabu za pointi, ilitoka juu.

Wenye kutazama Nairobi watasema uthamini nao hukwama, na ni kweli. Kwa takriban miaka arobaini jiji hilo lilitoza kwa daftari la mapema miaka ya 1980, huku bei za ardhi zikipaa. Kosa la Nairobi lilikuwa kutolihuisha daftari. Dar es Salaam imekwenda mbali zaidi kwa kuliacha daftari kabisa. Uganda, kwa sheria yake ya 2005, ilizisamehe nyumba ambazo wenyewe wanaishi humo na hivyo ikajikata mapato mengi. Lakini sheria hiyohiyo inataka angalau asilimia 75 ya kodi hiyo itumike kwa huduma zilizotajwa kwa majina, zikiwemo barabara, taa za mitaani, mitaro na uzoaji taka. Mlipaji wa Kampala ana kifungu cha kumwonyesha kiongozi wake. Mlipaji wa Mbagala ana namba za tokeni.

Kwa wanaoamini kwamba mkazi wa uswahilini hulipa tu akikatwa bila kuulizwa, jibu liko Kinondoni yenyewe. Katika miaka ya 1990, wakazi wa Hananasif walishiriki katika mradi wa kuboresha makazi yao ulioungwa mkono na Shirika la Kazi Duniani. Walichangia fedha na nguvu kazi, na vijana na akina mama wa mtaa huohuo ndio walioajiriwa kuchimba mitaro na kujenga njia. Walitoa kwa sababu waliuona mtaro ukifika mlangoni kwao.

Kinachodaiwa hapa kinaweza kuandikwa kwenye Muswada wa Sheria ya Fedha wa mwaka mmoja. LUKU ibaki kuwa njia mojawapo ya kulipia, kwa mwenye nyumba anayeitaka. Kiwango kiwekwe kwa pointi za jengo na mahali lilipo, kwa kutumia anwani za makazi na sensa ya majengo ya 2022, na kihuishwe kwa ratiba inayojulikana. Deni liandikwe kwa jina la mmiliki. Mpangaji aliyekatwa awe na haki ya kurejeshewa bila kumwomba mwenye nyumba. Msamaha wa wazee utolewe kwa kumbukumbu ambazo Serikali tayari inazo kwenye vitambulisho vya taifa. Fedha iingie moja kwa moja kwenye akaunti ya manispaa, na kila mwaka ofisi ya kata ibandike ukutani kiasi kilichokusanywa katika kata hiyo na kazi iliyofanywa nacho.

Wabunge wa majimbo ya Temeke na Kinondoni wanaweza kuidai Serikali iulete muswada huo, na madiwani wanaweza kuwabana hadi waidai. Wakiendelea kusema kwamba mita imemaliza kazi, bajeti za manispaa zao zitaendelea kupangwa kwa kukisia mgawo wa Hazina, na mwenye chumba kimoja Tandika ataendelea kumlipia kodi mwenye nyumba, kisha achangie kifusi cha mtaro ambao kodi hiyo ilipaswa kuuzibua.